Dirisha la nyumba ya Pwani: msaji, aluminiamu au plastiki?

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda, Horohoro

Ukisimama kwa muda kwenye mpaka wa Horohoro na Lungalunga, utazoea kuona vitunguu, machungwa, vitenge na mitumba vikipita. Mara chache hupita gari lililobeba madirisha yaliyofungwa kwa maboksi, au mbao zilizopangwa chini ya turubai. Mzigo huo ndio uliomfanya mwandishi wa makala haya auliize swali ambalo wafanyabiashara wengi huliacha hadi siku ya mwisho ya ujenzi: dirisha la nyumba yako litengenezwe kwa kitu gani?

Wengi wetu tunajua jinsi mfanyabiashara wa mpakani anavyojenga. Faida ya safari moja inanunua matofali, ya nyingine saruji, ya tatu mabati. Madirisha yanafikiwa mfuko ukiwa umechoka, kwa hiyo huchaguliwa yanayopatikana kwa bei nafuu wiki hiyo. Nyumba ya mama yangu mjini Tanga ilijengwa hivyohivyo, na mimi ndiye niliyemshauri.

Tulimwekea aluminiamu za kuslaidi chumba hadi chumba. Zilipendeza. Kiangazi cha kwanza kilipoingia, tukagundua jambo ambalo fundi hakulitaja nasi hatukuliuliza: dirisha la kuslaidi la vipande viwili hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja daima husimama mbele ya kingine. Unalipia tundu la futi nne, unapata upepo wa futi mbili. Kwa Arusha au Kabale si tatizo. Kwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako watu hulala wakisubiri upepo wa bahari, ni hasara ya kila usiku.

Aluminiamu yenyewe si mbaya. Haioti kutu kama chuma, mchwa hawaili, na mafundi wake wapo karibu kila mji. Lakini ina adui wawili. Wa kwanza ni saruji mbichi: lipu ikigusa fremu na kukaukia hapo, huacha mabaka yasiyotoka, kwa hiyo ile karatasi ya kulinda fremu isibanduliwe mpaka kazi ya lipu na rangi iishe. Wa pili ni skrubu za chuma cha kawaida. Kwenye hewa ya chumvi, chuma kikigusana na aluminiamu, aluminiamu ndiyo huliwa pale penye tundu. Dai skrubu zisizoshika kutu, na uzione kwa macho kabla hazijafungwa. Za mama zilianza kuvuja maji ya kahawia ukutani kabla ya mwaka wa tatu kwisha.

Madirisha ya chuma, yale ya nyumba na shule za zamani, ni imara na hufunguka yote. Bara yanadumu. Karibu na bahari yanataka kukwanguliwa na kupakwa rangi mara kwa mara, na mwenye nyumba anayeshinda safarini hana muda huo.

Plastiki ngumu, inayojulikana kwa jina la uPVC, haishiki kutu, haiozi na haipitishi joto kama aluminiamu. Pembe zake huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto, kwa hiyo maji ya mvua hayapati upenyo pale. Tatizo ni kwamba plastiki peke yake hulegea kwenye dirisha pana, ndiyo maana ndani ya fremu huwekwa chuma cha kuishika. Muulize muuzaji kama chuma hicho kipo, na umwombe kipande kilichokatwa ukione. Nyeupe inastahimili jua kuliko nyeusi, ambayo hunyonya joto na kujipinda. Bawaba na makomeo yake bado ni ya chuma, hivyo chumvi ya bahari haijaondoka nyumbani kwako kabisa.

Inabaki mbao, ambayo vijana wengi huiona ya kizamani. Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar zinasema vingine. Mabawa ya dirisha yenye mapengo ya mlalo hupitisha upepo yakiwa yamefungwa, huzuia mvua na macho ya wapita njia. Na Tanga ina bahati: msaji hupandwa Longuza, wilayani Muheza, katika shamba la Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Msaji una mafuta yake ya asili yanayokataa mchwa na maji. Ila sifa hiyo ni ya moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Sehemu nyeupe ya pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote, na muuzaji mjanja huipaka rangi ili usiione. Mbao pia iwe imekaushwa vizuri, la sivyo dirisha litavimba masika na kukataa kufunga.

Kwa anayetaka kuvusha mbao, hapa ndipo penye hatari. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES uliofanyika Panama uliweka mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika kwenye orodha ya pili ya mkataba huo. Maana yake, magogo na mbao zake haziwezi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali cha CITES, hata kama ni kutoka Tanga kwenda Kwale. Soko la pamoja la Afrika Mashariki halifuti sharti hilo. Msaji haumo kwenye orodha hiyo, lakini bado unahitaji hati ya usafirishaji ya TFS na cheti cha afya ya mimea. Mbao zikikamatwa, hupotea mtaji mzima, si faida peke yake.

Kwenye aluminiamu na plastiki, mtego ni mwingine. Profaili iliyotoka China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa sababu umeinunua Kariakoo. Cheti cha uasili hutolewa kwa bidhaa inayotimiza kanuni za uasili za Jumuiya za mwaka 2015. Utaratibu rahisi wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani nao unahusu bidhaa zenye uasili huo, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Bidhaa ya nje hutozwa ushuru wa pamoja wa forodha, ambao tangu Julai 2022 una daraja la juu la asilimia 35. Fika dirisha la forodha uulize kabla ya kulipa muuzaji, si baada ya kupakia.

Mama amekwisha kuamua. Jikoni na bafuni aluminiamu zinabaki, kwa skrubu mpya. Vyumba vya kulala vinapata mabawa ya msaji, na nondo za chumba kimoja zitawekewa bawaba na kufuli la ndani, ili moto ukitokea watu wapate pa kutokea. Fundi amepima matundu Jumamosi iliyopita. Mbao bado zinakauka.