Kipande kilicholala miaka tisa

Agosti 1, 2012, saa tatu na nusu asubuhi, soko la hisa la New York lilipofunguliwa, kompyuta za kampuni ya Knight Capital zilianza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Zilipozuiwa dakika 45 baadaye, hasara ilikuwa zaidi ya dola milioni 460.

Aliyewaponza ni Power Peg, kipande cha programu ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 bila kukifuta. Mwaka 2005, sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha kupatikana, ile iliyokiambia kipande hicho "basi, zimetosha", ilihamishiwa kwingine. Hakuna aliyekijaribu upya kuona kama bado kinajua kusimama. Mwaka 2012 swichi ya zamani iliyokuwa ikikiwasha ikapewa kazi ya kuwasha programu mpya, na programu hiyo ikapakiwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahauliwa. Swichi ilipowashwa, Power Peg kikaamka humo. Linaloniuma zaidi ni kwamba kabla soko halijafunguliwa mfumo ulikuwa umetuma baruapepe 97 zikilitaja kosa hilo, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Mafundi wana njia ya kutafuta vipande vyenye maradhi. Adam Tornhill, mwandishi wa programu kutoka Sweden, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2015: fungua kumbukumbu za mabadiliko, kama zile zinazotunzwa na programu ya Git, uhesabu ni faili zipi zinaguswa mara nyingi, kisha utazame zipi kati ya hizo ni ndefu na zimesokotana. Faili tata ambayo kila mwezi inafunguliwa kurekebishwa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Naikubali njia hiyo, ila peke yake isingemfichua mkosaji wa Knight, maana Power Peg kilikaa miaka bila kuguswa. Kwa hiyo lazima liulizwe na swali la pili: kipande hiki kinaitwa na nani leo? Kama hakiitwi na yeyote, kifutwe. Git haisahau, kikihitajika kitarudishwa.

Knight yenyewe, kabla ya mwaka huo kwisha, ilikubali kuunganishwa na kampuni ya Getco.

Wewe unayesimamia mfumo wa malipo, wa hospitali au wa chama cha akiba na mikopo, Jumatatu waulize mafundi wako: ni vipande vipi havitumiki tena, na vinangoja nini kwenye seva zetu?