Wimbo wa Sita Unasemaje?

Albamu mpya ya Bongo Fleva ikitoka usiku, asubuhi yake wanafunzi wangu hapa Katesh wanajua mambo matatu kabla kengele haijalia: msanii kamshirikisha nani, video imetazamwa mara ngapi, na ana bifu na nani. Nikiwauliza wimbo wa sita unasemaje, darasa linanyamaza. Siwalaumu. Hayo matatu ndiyo wanayoambiwa mchana kutwa redioni na kwenye simu. Hakuna anayewaambia ndani ya albamu kuna nini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nje ya chaki nahakiki albamu. Naipenda kazi hii na naamini ina haja, ingawa naulizwa kila mara inamsaidia nani ikiwa kila mtu ana masikio yake.

Nianze na masikio yenyewe. Wilaya zetu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina jambo ambalo sehemu chache za Afrika zinalo: ndani ya safari ya siku moja unapita katikati ya Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga, ambao yao ni ya Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao yao haijathibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote, na majirani wenye lugha za Kibantu. Kwa wengi wetu Kiswahili kimekuja na shule na soko. Kwa hiyo fumbo la mapenzi linalomfanya mtu wa Tanga acheke kabla mstari haujaisha, likifika huku Dongobesh linaweza kupita bila kumgusa mtu. Muziki ukitegemea fumbo peke yake, hapa unaanguka. Unahitaji sauti, mdundo na kiitikio kinachoshika. Ndiyo maana naheshimu sana hukumu ya wasikilizaji wa huku, maana msanii hawezi kujificha nyuma ya maneno.

Tena si wasikilizaji wa kukaa kimya. Wairaqw wana slufay, shairi la dua na baraka ambalo mzee hulitoa mbele ya watu, mstari baada ya mstari, na waliokusanyika wanaitikia. Wadatoga humzika mzee mwenye heshima kubwa kwa bung'ed, maziko yanayochukua miezi, na nyimbo zina nafasi yake humo. Mtu aliyelelewa katika mambo hayo anajua kwamba wimbo una pande mbili, upande wa anayeanzisha na upande wa anayeitikia. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia katika uhakiki wangu, na sikukitoa chuoni.

Tatizo ni namna albamu inavyotufikia. Bando ni ghali kwa kijana wa Haydom, kwa hiyo hasikilizi albamu nzima mtandaoni. Anakwenda kibandani, anaingiziwa nyimbo kwenye memori kadi au flashi, na mwenye kibanda ndiye anayechagua: tatu za huyu, mbili za yule. (Katika mpango huo msanii hapati hata senti, na hilo linaniuma.) Kadi ikichomekwa kwenye sabufa, mara nyingi nyimbo zinapigwa kwa herufi za mwanzo za majina yake, si kwa mpangilio wa mwenye kazi. Wimbo wa kufungia unakuja mwanzoni, wa kukaribisha unapotelea katikati ya nyimbo za watu wengine. Msanii alijenga nyumba, sisi tumeletewa mlango na madirisha mawili. Mhakiki ni yule aliyekwenda akaingia vyumba vyote, akarudi kutuambia.

Chukueni *I Am Zuchu*, ya Aprili 2020. Ni EP, yaani kazi fupi kuliko albamu, yenye nyimbo saba. Wakati ule mazungumzo yote yalikuwa juu ya lebo iliyomtoa na ukubwa wa bosi wake, Diamond Platnumz. Nyimbo zenyewe zilistahili zaidi. Zuchu anatamka kila silabi; hata mtu aliyeanza Kiswahili darasa la kwanza hapotezi neno. "Nisamehe" inakwenda taratibu, "Kwaru" inachangamka, na bado unasikia ni mtu yule yule. Kilele kwangu ni "Mauzauza", anakoimba na mama yake mzazi, Khadija Kopa, gwiji wa taarabu. Hapo unasikia sauti iliyokomaa jukwaani ikikutana na sauti changa, na changa haikimbii wala haishindani, inapokea. Nimeisikiliza sana kazi hii na hukumu yangu haijabadilika: ni miongoni mwa mianzo bora ya msanii wa kike katika Bongo Fleva, na saba ndicho kipimo chake sahihi.

Sasa iwekeni pembeni ya *Only One King* ya Alikiba, ya Oktoba 2021. Nyimbo 16, na wageni wamejaa: Sauti Sol, Nyashinski na Khaligraph Jones wa Kenya, Sarkodie wa Ghana, Mayorkun, Patoranking na Rudeboy wa Nigeria. Alikiba ana moja ya sauti tamu kuliko zote Afrika Mashariki. Lakini kila anapoanza kutuzoesha hali fulani, mgeni anaingia na hali yake. Niliipiga yote mahali wanapochambua vitunguu saumu, Mbulu mjini, kwa sababu pale watu wanakaa muda mrefu na mikono tu ndiyo ina kazi. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, hapa wote wanaongoza. Nani anaitika?" Sijasoma mahali popote uhakiki wa albamu ile uliofikia sentensi hiyo. Wimbo waliotaka urudiwe ulikuwa "Utu", wa mapenzi, wa taratibu, anaouimba peke yake. Ningepunguza nyimbo tano na nisingeugusa huo.

*Sound from Africa* ya Rayvanny, ya mwaka huo huo wa 2021, ilikuwa na nyimbo 23. Kipaji kipo, tena kingi. Hakuna msikilizaji anayefika mwisho.

Diamond mwenyewe alitoa *First of All* Machi 2022, nyimbo kumi, na urefu huo ulikuwa wa busara. Ndani yake mna "Mtasubiri", aliyoimba na Zuchu. Baadaye mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliviagiza vituo vya utangazaji viache kuonyesha video yake kwa sababu ya kipande chenye mandhari ya kanisa na kwaya. Huku kwetu, penye Wakatoliki na Walutheri wengi na ambako kwaya ni shule ya kwanza ya muziki kwa vijana wengi, jambo hilo lilizungumzwa kila kona, na nawaelewa walioumia. Lakini nilitamani wanakwaya wale wale, wenye masikio yaliyozoea sauti nne, waniambie kitu kuhusu wimbo: sauti mbili zile zinapishana vizuri au zinagongana? Kwa maoni yangu zinapishana vizuri kuliko popote katika kazi ile. Mahali pengine mdundo wa amapiano umeachiwa ubebe kila kitu, na Kiswahili kimebaki cha kupamba.

Ukitaka kuona msanii anayempa msikilizaji nafasi, rudi nyuma hadi mwaka 2001, kwenye *Machozi Jasho na Damu* ya Profesa Jay. Katika "Ndio Mzee" anavaa sauti ya mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizowezekana, na umati unamwitikia. Kicheko kimo katika ahadi, uchungu umo katika itikio. Ukiupiga mahali palipo na wazee wa Kiiraqw hauhitaji maelezo; wanaanza kuitikia wenyewe, kisha wanatazamana. Albamu ile ilitoka kwenye kaseti, na kaseti ilikulazimisha kusikiliza kwa mpangilio. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa rika langu kuikumbuka yote, si wimbo mmoja.

Kwa wenzetu wa Marekani kazi hii ya kuhakiki albamu ina historia. Robert Christgau wa gazeti la *Village Voice*, New York, alianza mwaka 1969 kuzipa albamu alama za herufi kama karatasi za mtihani, kila moja kwa aya fupi. Mwaka huo huo jarida la *Rolling Stone* liliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, ambayo leo inahesabiwa kati ya misingi ya muziki wa roki. Wengi hutumia mfano huo kusema wahakiki hawajui kitu. Mimi naona vingine. Mhakiki yule alisikiliza, akaandika sababu zake, na ndiyo maana miaka zaidi ya hamsini baadaye bado tunaweza kubishana naye. Anayeandika tu kwamba "ngoma ni kali" huwezi kubishana naye, kwa sababu hajasema kitu.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu uhakiki umegawanyika kati ya timu za mashabiki. Ukisema albamu ya Fulani ina nyimbo dhaifu, unaulizwa uko upande gani na nani amekulipa. Wasanii nao wamezoea sifa kiasi kwamba neno la haki wanalichukua kama uadui. Msanii anayesifiwa kwa nyimbo zote 23 hataambiwa kamwe ni kumi zipi zilikuwa na uhai. Hasara ni yake kwanza, kisha yetu.

Simwombi mtu aandike kama mimi. Wenye vituo vya redio vya Manyara, tengeni saa moja kwa wiki mpige albamu nzima bila kuikatiza, kisha fungueni simu: muulizeni dereva wa kombaini katika mashamba ya ngano ya Basotu, muulizeni mwanakwaya wa Haydom, muulizeni mama wa vitunguu saumu. Nawe msomaji, albamu inayofuata isikilize yote kwa mpangilio wake kabla hujauliza imetazamwa mara ngapi, halafu mwambie jirani yako ni wimbo upi umekuchosha na sababu yake.