Gemu ya Betri Mbili

Kijidude chenyewe kilienea kiganjani. Kilikuwa na mwili wa plastiki, kioo cha kijivu kisicho na rangi, vitufe vya kusogezea upande wa kushoto na kitufe kikubwa cha kugeuzia upande wa kulia. Maandishi ya juu yake yaliahidi michezo 9,999. Ukikiwasha unakuta michezo michache tu, magari, vifaru, nyoka, na iliyobaki ni ileile iliyoongezewa kasi. Hakuna aliyelalamika. Watu walikitaka kwa ajili ya mchezo wa matofali.

Katika miaka ya 1990, mahali kama Ziba, wilayani Igunga, gemu za kuunganisha kwenye runinga zilikuwa habari za mjini. Zilidai umeme, zilidai runinga, na Tanzania Bara yenyewe ilianza kupata televisheni mwaka 1994. Gemu ya matofali haikudai chochote ila betri, mara nyingi mbili ndogo. Zikichoka, zilianikwa juani kama za redio ili zirudi na nguvu ya kuchezea raundi mbili tatu. Huku Unyamwezi watu walizoea vitu vya mbali kufika hivyo, kidogo kidogo na mkononi mwa mfanyabiashara: enzi za misafara vilikuwa vitambaa na shanga za kioo kutoka pwani, safari hii plastiki kutoka China.

Wachezaji wengi hawakujua kwamba matofali yale yalizaliwa Moscow. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, aliandika programu aliyoiita Tetris kwenye mashine ya Electronika 60. Mashine ile haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali yake ya kwanza yalikuwa alama za mabano. Mwaka 1989 Nintendo iliiweka ndani ya Game Boy, ikaenea dunia nzima, lakini haki zilikuwa za dola ya Kisovieti. Pajitnov alianza kulipwa mrabaha mwaka 1996 tu. Wakati huo viwanda vya China vilikuwa vikimwaga sokoni nakala za bei nafuu.

Kanuni hazihitaji mkalimani. Kuna maumbo saba, kila moja la vipande vinne, yanayoshuka kwenye uwanja wa safu kumi kwa upana na ishirini kwa kimo. Jaza mstari mzima, unafutika. Acha tundu, mistari inapanda hadi juu na umekufa; mpe mwenzio, ni zamu yake.

Wasukuma wana mchezo wa isolo, na bao linachezwa karibu kila baraza, hivyo hesabu ya namna hii haikuwa ngeni. Mcheza bao anajua kete itakapolala kabla hajaichota. Mcheza matofali naye anatazama pembeni mwa kioo, ambako umbo lifuatalo linaonyeshwa, na anaacha mfereji wazi upande mmoja akiisubiri ile fimbo ndefu ifute mistari minne kwa mkupuo. Tofauti ni muda. Kwenye bao mzee anaweza kushika kidevu, watazamaji wakamshauri na wakabishana. Tofali halisubiri ushauri. Wanaomzunguka mchezaji wanabaki kupiga kelele tu.

Na halishindiki. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kuwa maumbo mawili yaliyopinda, yakishuka kwa kupishana bila kikomo, humwangusha mchezaji yeyote. Kwenye gemu ya Nintendo ya zamani, mchezo ulikuja kuisha kwa njia nyingine: Desemba 2023, Willis Gibson, kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, alifika kiwango cha 157 na mashine ikaganda.

Gemu za betri hazikuacha ushahidi wa aina hiyo. Nyingi hazikuwa na mahali pa kudumu pa kuhifadhi alama, kwa hiyo kila zilipotolewa betri kwenda kuanikwa, rekodi ilifutika, na ubingwa ukabaki kwenye midomo ya walioshuhudia. Mwenye gemu anayeifukua leo sandukuni, akaifuta kutu ya vyuma vya betri na kuiwasha, anasikia mlio uleule mwembamba. Pale panapoandikwa alama za bingwa panasoma sifuri, na tofali la kwanza limeshaanza kushuka.