Sungura wa Nyumbani Anapobadilika Baada ya Mtoto Kuzaliwa

Mtoto mchanga anapoingia nyumbani, mambo mengi hubadilika kwa siku moja: saa za kulala, saa za kupika, nani atateka maji na nani atafagia uwanja. Mifugo midogo iliyowazoea watu wa nyumba hiyo nayo huyahisi mabadiliko hayo, na mnyama wa kwanza kuonyesha ni sungura. Jana alikuwa mpole, akila majani mkononi mwa mtoto wa shule. Leo anagonga sakafu ya banda kwa miguu, anajificha pembeni, anakojoa ovyo, au amekataa chakula kabisa. Wapo wanaosema ana wivu na mtoto, na wapo wanaohisi jambo baya zaidi. Makala hii inaeleza sababu zilizo karibu na zinazoweza kurekebishwa.

Suala hili linazihusu kamati zetu na wafadhili wetu kwa sababu sungura wa nyumbani ni mali. Kisiwani Pemba ardhi inazidi kubanana: Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 406,000, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 543,000. Kaya isiyo na nafasi ya ng'ombe inaweza kufuga sungura watatu nyuma ya jiko, ikapata kitoweo, fedha kidogo na mbolea ya bustani. Tena mara nyingi sungura hao ni wa watoto wa nyumba hiyo. Wakifa ndani ya siku arobaini za uzazi, familia hupoteza akiba yake wakati mama anapohitaji chakula bora kuliko wakati mwingine wowote.

SUNGURA HUYU NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Sungura tunayemfuga si yule mjanja wa hadithi za bibi zetu. Yule wa hadithi ni sungura mwitu, anayeishi juu ya ardhi na kuzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyo wazi. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huyu huchimba mashimo na kuishi kwa makundi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu.

Mnyama wa namna hii huwindwa na wengi. Kinga yake ni masikio, pua na mazoea. Hujua harufu ya kila kitu kilicho karibu naye, hujua nyayo za anayemlisha, na hutegemea kila jambo litokee kwa wakati wake. Likivurugika moja, kwake huenda adui amefika.

NI NINI HASA KILICHOBADILIKA?

Tuitazame nyumba ya Pemba katika arobaini. Mama mzazi anapumzika na kukandwa kwa maji ya moto, hivyo moto unawaka asubuhi na jioni. Ubani na udi vinafukizwa. Wageni wanaingia na kutoka, wengine wakiwa na watoto wao. Kichanga kinalia usiku, wakati ambapo zamani palikuwa kimya. Banda lililokuwa ukumbini au karibu na mlango wa nyuma linahamishiwa mahali pasipo na watu, na mara nyingi hapo ni juani.

Kila moja ya mambo haya lina athari yake. Moshi huwasha njia ya hewa ya sungura, ambayo ni dhaifu. Joto ni hatari zaidi. Sungura hatoi jasho kama sisi, hupunguza joto kwa kupitia masikio yake makubwa, na hali ya hewa ikipita nyuzi 30 huanza kuteseka. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, banda lenye bati lisilo na kivuli linaweza kumuua kwa mchana mmoja.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote ni la mlishaji. Dada mkubwa aliyekuwa akikata majani kila asubuhi sasa anafua nepi na kupokea wageni. Sungura analishwa na yeyote aliyepata nafasi, kwa wakati wowote, kwa majani yoyote. Mtu asiyezoea anaweza kumpa majani yenye umande au kumbadilishia chakula ghafla, akaharisha. Anaweza pia kumpa majani mabichi ya muhogo, ambayo yana sumu ya sianidi na hayafai kutolewa kabla ya kunyaushwa vizuri. Hapo tunasema sungura amebadilika, kumbe tuliobadilika ni sisi.

DALILI NA MAANA ZAKE

Kugonga sakafu kwa miguu ya nyuma ni onyo. Porini, sungura hugonga ardhi kuwatahadharisha wenzake. Akigonga mtoto anapolia, amesikia sauti asiyoijua. Mara nyingi huzoea baada ya siku au wiki chache, iwapo mambo mengine yametulia.

Kukojoa ovyo, kutawanya kinyesi na kusugua kidevu kwenye vitu ni njia ya kuweka alama. Harufu mpya imeingia katika eneo lake naye anarudisha yake. Kumpiga huongeza hofu, na hofu huongeza tabia hiyo.

Kuuma, kunguruma na kung'oa manyoya kunaweza kusiwe na uhusiano wowote na mtoto. Sungura hupevuka akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na hapo upole wa utotoni hupungua. Jike anayeng'oa manyoya huenda anatandika kiota. Mimba yake huchukua siku 31 hivi. Lipo pia jambo la mimba ya uongo, ambayo hudumu siku 16 hadi 18 na kumfanya awe mkali bila kuzaa chochote. Basi kabla ya kumlaumu kichanga, uliza sungura ana umri gani na kama amewahi kukutana na dume.

Jambo lingine huwachanganya watu pale sungura naye anapozaa wakati uleule. Mama wa nyumba ananyonyesha mchana na usiku, lakini jike huingia kiotani mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huwaacha watoto wake. Watu hudhani amewatupa, wakaanza kuwashikashika au kumlazimisha. Ndivyo alivyoumbwa: porini, kukaa mbali na kiota huwaficha watoto wasionekane na adui. Jike anayesumbuliwa sana anaweza kuwakanyaga watoto wake au hata kuwala. Kagua kiota mara moja kwa siku, kwa haraka na kwa mikono safi. Watoto wenye matumbo yaliyojaa na wanaolala kimya wamenyonya.

Dalili ambayo haisubiri ni kutokula. Tumbo la sungura linatakiwa kufanya kazi muda wote. Akikaa nusu siku hadi siku nzima bila kula, au kinyesi kikawa kidogo sana au kikakoma, utumbo unaweza kusimama na akafa. Mpelekee kivuli, maji safi na majani makavu, na umwone afisa mifugo siku hiyohiyo.

USALAMA WA KICHANGA

Tukimjali sungura hatumsahau mtoto, kwa maana yeye ndiye wa kwanza. Sungura asiwekwe katika chumba cha mama mzazi, wala asipandishwe kitandani, hata kama ni mpole. Kucha zake zinakwaruza, mkojo wake hutoa hewa kali inayowasha mapafu, na anaweza kuwa na ukurutu au magonjwa ya ngozi yanayoambukiza watu.

Kitovu kinahitaji uangalifu wa pekee. Udongo na kinyesi cha wanyama vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Aliyesafisha banda anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na chochote kilichotoka bandani kisikaribie kitovu. Mama aliyejifungua karibuni asipewe kazi ya kusafisha banda, anahitaji kupona.

MAANDALIZI KABLA YA KUJIFUNGUA

1. Banda lihamishwe mwezi mmoja au zaidi kabla, si siku ya kutoka hospitali. Liwe kivulini, mbali na moshi wa jiko, lisifikiwe na paka wala mbwa.

2. Mlishaji mpya ateuliwe mapema na ajifunze pamoja na yule wa zamani kwa wiki mbili au tatu: majani gani, kiasi gani, saa ngapi.

3. Jike asipandishwe ikiwa atazaa katika wiki zilezile ambazo mama wa nyumba anatarajia kujifungua.

4. Majani yakusanywe na kukaushwa, yawepo ya akiba kwa siku ambazo hakuna wa kwenda shambani.

5. Wageni, hasa watoto, waombwe wasimtoe sungura bandani.

Tusimsahau pia mtoto mkubwa. Sungura walikuwa wake, na wazazi pia walikuwa wake peke yake hadi juzi. Kumwachia kazi ya kuwalisha, na kumsifu akiifanya vizuri, humpa nafasi yake katika nyumba ambayo macho yote yanamtazama mwingine. Dakika 20 bandani kila jioni zinaweza kumtuliza yeye kama zinavyomtuliza sungura.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Kamati inayopendekeza kaya za kupewa sungura isiishie kuhesabu mabanda. Iulize kwanza kama kuna mama mjamzito, na nani atalisha katika siku arobaini. Kama jibu la swali la pili halipo, ni afadhali kusubiri miezi mitatu. Iulize pia kuhusu ulaji. Pemba wengi ni Waislamu wa Sunni, ambao kwao sungura aliyechinjwa kisheria ni halali, lakini Shia Ithnaasheri hawamli. Kuuliza mapema ni heshima kwa jirani.

Kwa wafadhili, tunaomba bajeti ya sungura iwe pia na fungu la kivuli, la mafunzo ya watu wawili katika kila kaya badala ya mmoja, na la nauli ya afisa mifugo kufika shehia za mbali. Fungu hilo halivutii likipigwa picha, lakini ndilo linaloamua kama mtoto atakapotimiza arobaini yake sungura nao watakuwa bado wapo.