Msumeno wa Sheria ya Mwendo

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yasema wazi kwamba mahali penye makazi ya watu gari lisizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hii si sheria iliyofichwa kabatini. Imeandikwa katika vibao kando ya barabara, na kila aliyepata leseni kwa haki ameisoma. Hata hivyo, mtu akisimama kando ya Barabara ya Bagamoyo, ya Nyerere au ya Kilwa alfajiri kabla ya foleni kuanza, au usiku foleni inapokwisha, atajionea jinsi amri hiyo inavyodharauliwa na wakubwa kwa wadogo. Jiji la Dar es Salaam lina magari ya namna mbili: yaliyokwama katika foleni, na yanayokimbia ili kufidia muda uliopotea katika foleni.

Leo twapenda kusema juu ya adhabu. Sheria isiyo na adhabu ni ushauri tu, na adhabu isiyo na uzani wa haki ni dhuluma. Wazee walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Twauliza basi: msumeno huu wa mwendo wa magari wakata pande zote mbili, ama meno yake yamesalia upande mmoja?

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini mwendo uwekewe mpaka. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita kiasi cha mita 14 kwa sekunde moja. Dereva aonapo mtoto akivuka njia, walau sekunde moja hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80, mita 22 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ikanyagwe huzidi mara nne. Anayetoka 50 kwenda 80 ahitaji nafasi ya kusimamia zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwanza. Kanuni hiyo haikutungwa na polisi wala na Bunge. Ni kanuni ya maumbile, nayo haisikilizi udhuru wa mtu yeyote.

Na faida ya kukimbia ni nini? Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12; kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Dereva amepata dakika nne na nusu, na mara nyingi hizo nazo humezwa na taa nyekundu ya kwanza pale Mwenge au Magomeni. Kwa ajili ya dakika hizo chache ameuweka rehani uhai wa mtu asiyemjua.

Tunao msemo uliozoeleka kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wa kuwafariji waliofiwa, na kwa kazi hiyo ni mwema. Lakini siku hizi umegeuzwa kuwa ngao ya wakosaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani kote, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ijapokuwa nchi hizo zina kiasi cha asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Shirika hilo hilo laeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa kiasi cha asilimia 4. Jambo linalopanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva haliwezi kuitwa kudra peke yake. Kinga ipo, nayo ni mwendo wa kiasi.

Sasa tuje kwenye faini. Dereva akinaswa na tochi ya askari wa usalama barabarani, asipopelekwa mahakamani, huandikiwa faini ya papo kwa papo. Kwa miaka mingi faini hiyo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwaka 2021 Bunge lilipopitisha bajeti, faini ya waendesha bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na ile ya motokaa ikaachwa pale pale. Kwa tafsiri yetu, hatua ile ilikubali jambo kubwa: kwamba kiasi sawa cha fedha si adhabu sawa. Shilingi 30,000 zikitoka mfukoni mwa kijana wa bodaboda, ni unga wa watoto wake na marejesho ya mkataba wa pikipiki. Zikitoka mfukoni mwa mwenye gari la thamani ya makumi ya milioni, hazitoshi hata kumfanya akumbuke siku aliyozilipa. Kwa huyo wa pili faini imegeuka kuwa nauli: alipa kidogo, kisha aruhusiwa kukimbia.

Lakini baada ya kuukubali ukweli huo kwa upande wa chini, hatukuufuata kwa upande wa juu. Aliyepunguziwa alipunguziwa; anayestahili kuongezewa hakuongezewa. Tena kiasi kile kile humwangukia aliyezidisha kilomita chache kwa kutotazama na aliyepita mbele ya shule kama risasi. Hakimu gani wa haki angewapa watu hao wawili hukumu moja?

Wako watu ambao wamelitafakari jambo hili kabla yetu. Nchi ya Finland ilianza tangu mwaka 1921 kutoza faini kwa kadiri ya kipato cha mkosaji. Kwa sheria yao, dereva aliyezidisha mwendo kidogo hulipa kiasi kilichowekwa. Akizidisha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa, hutozwa kwa kipimo cha mapato yake ya siku. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwa saa mahali pa 50 jijini Helsinki. Baadaye faini hiyo ilipunguzwa sana, alipothibitisha kwamba mapato yake yalikuwa yameshuka. Msomaji na aone uzuri wa kipimo hicho: kilipanda kwa utajiri wake na kikashuka naye alipopungukiwa. Helsinki hiyo hiyo, ambako zaidi ya nusu ya mitaa imewekewa mpaka wa kilomita 30 kwa saa, ilitimiza mwaka mzima, kutoka Julai 2024 hadi Julai 2025, bila mtu hata mmoja kufa katika ajali ya barabarani.

Hatusemi kwamba faini peke yake ndiyo iliyoleta neema hiyo, wala hatusemi tuichukue sheria ya Finland kama ilivyo. Kwetu watu wengi hujitafutia riziki bila hati ya mshahara, na kupima kipato cha kila dereva ingekuwa kazi ya kuchosha na mlango mpya wa hila. Lakini yako mambo matatu tunayoweza kuyafanya kwa akili zetu wenyewe.

La kwanza, faini ipande kwa ngazi. Aliyezidisha kilomita 10 asilinganishwe na aliyezidisha 40, na mwenye kurudia kosa asipokewe kama mgeni. Sheria huipa mahakama uwezo wa kumfungia dereva leseni. Uwezo huo utumike kwa wale wasiosikia lugha ya fedha, kwa maana leseni ikichukuliwa, tajiri na maskini wote huenda kwa miguu.

La pili, adhabu imfuate anayeamrisha mwendo. Kila mkazi wa jiji aijua hesabu ya daladala. Dereva na kondakta wake hutafuta mafuta kwanza, kisha hesabu ya mwenye gari, na kinachobaki ndicho ujira wao. Jua likishuka hesabu haijatimia, gari hukimbia, huvunja foleni na kupita pembezoni. Askari humwandikia dereva. Mwenye gari amelala kwake, na asubuhi adai hesabu yake kamili. Hatumtetei dereva, maana mguu ulio juu ya mafuta ni wake. Lakini gari linalonaswa mara kwa mara, hata madereva wakibadilishwa, linatuambia habari za mwenye gari. Na aulizwe yeye, na leseni yake ya usafirishaji itazamwe upya.

La tatu, adhabu iwe ya hakika. Madereva wetu wanajua kuwashiana taa ili kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Mwendo hushuka kwa mita mia mbili, kisha hupanda tena. Hii ni dalili kwamba twamwogopa askari wala hatuiogopi ajali. Mabasi ya mikoani hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, nacho hupeleka habari kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Twauliza kwa nini ufuatiliaji wa namna hiyo usienezwe kwa malori ya mchanga yanayopita mitaani, na kwa magari ya umma yanayopita kwa vishindo ilhali hayakubeba mgonjwa wala hayaendi kuzima moto. Kiongozi akipita kwa kasi, amewafundisha elfu walio nyuma yake. Na faini yoyote isiyo na risiti ni wizi wa watu wawili dhidi ya wengi: mkosaji ameinunua sheria, na msimamizi wake ameiuza.

Hata hivyo askari hawezi kusimama kila kona. Barabara yenyewe ni askari asiyelala. Shirika la Amend lilifanya kazi hapa Dar es Salaam katika njia za shule za msingi: likajenga njia za waenda kwa miguu, likaweka matuta, vivuko na alama, ili gari lilazimike kupunguza mwendo mahali watoto wanapopita. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba watoto walioumia katika maeneo hayo walipungua kwa kiasi cha robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, ya WRI Ross. Hiyo ilikuwa kazi ya saruji, rangi na akili, iliyofanyika katika mitaa yetu wenyewe. Haihitaji fedha kama za kujenga barabara za juu. Yafaa kila shule ya jiji iliyo karibu na barabara ipate haki hiyo hiyo.

Kwa madereva twasema hivi. Ndugu dereva, ukishuka garini mwako nawe ni mwenda kwa miguu, na mwanao avuka barabara ambayo mwenzako anaiendesha. Kilomita 50 ni ahadi uliyompa mama auzaye maandazi kando ya lami, na mwanafunzi ambaye daladala zimemkataa kwa sababu nauli yake ni ndogo.

Kwa waheshimiwa wabunge twasema kwamba bajeti ya 2021 ilifungua mlango nusu. Waufungue nusu iliyobaki. Msumeno ukichongwa meno upande mmoja hauitwi msumeno tena, huitwa kisu, na kisu hukata pale tu mwenye kukishika apendapo. Jiji lenye watu mamilioni lahitaji sheria inayomwuma kila mkosaji kwa kadiri ya kosa lake na ya uwezo wake, ili mtoto atumwaye dukani ng'ambo ya barabara arudi nyumbani na chenji mkononi.