Mbele ya kununua ordinatere: angalia kazi, umeme na fundi

Katika miji yetu, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, ordinatere ya kubeba si kitu cha kujionyesha tena. Mwanafunzi anaihitaji juu ya kuandika TFC. Mwalimu anatayarisha nayo mitihani. Mutu wa sekretaria anayeandikia watu barua na kuwatolea makaratasi anakula kupitia hiyo. Lakini bei yake ingali nzito. Kwa familia mingi ni feza ya likelemba ya miezi mingi, ao mbuzi zilizouzishwa, ao masomo ya mutoto mwingine ambayo yangoje kwanza. Ukikosea kuchagua, muuzishaji hatakurudishia kitu.

Swali lenye watu wanatuuliza ku redio ni hili: "Ordinatere ya muzuri ni gani?" Hakuna moja ya muzuri kwa watu wote. Mashini inayomufaa mutu wa Goma mwenye umeme kila siku inaweza kumusumbua mutu wa Walikale anayetegemea jua tu. Njo maana, mbele ya kuangalia rangi ao jina la kampuni, jiulize maswali mane: Nitafanya nayo kazi gani? Nitapata umeme wapi? Niko na internete kiasi gani? Na ikiharibika, nani ataitengeneza?

Aina zenye ziko ku soko

Aina ya kwanza ni laptopu ya kawaida, yenye klaviye na kioo, inayotumika na Windows. Hii inafanya karibu kazi zote: kuandika, kuhesabu, kuchapisha, kutengeneza sauti na video. Programu za hesabu za maofisi, kama Sage, na programu ya kukata sauti ya Audacity, zinaingia humo bila shida.

Aina ya pili ni laptopu ndogo ya bei ya chini, mpya kabisa ndani ya karton. Inavutia macho, na ni nyepesi. Lakini chunguza ndani yake. Mingi ziko na nafasi ya kuwekea vitu ya giga 32 ao 64 tu, na ile nafasi imeunganishwa moja kwa moja ku kadi kubwa ya mashini. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hizo giga. Kisha miezi kidogo mashini inajaa, inakuwa nzito, na fundi hawezi kuongeza kitu.

Aina ya tatu ni Chromebook. Inafanana na laptopu, lakini ndani haiko Windows. Iko mfumo wa Google uliotengenezwa kwa mutu mwenye internete wakati wote. Inawaka haraka na haisumbuliwe sana na virusi. Bila internete unaweza kuandika na kufungua vitu fulani, lakini programu za Windows hazifungukake humo. Hapa kwetu, mahali fungu la internete linaisha mbele ya kazi kuisha, fikiria mara mbili. Tena Chromebook mingi za okazyo zilitoka ku masomo ya inje. Ukiiwasha, ikuonyeshe kwamba inaongozwa na masomo ao kampuni fulani, usiilipe. Ile mashini ingali na bwana wake, na anaweza kuifunga hata ikiwa mbali.

Aina ya ine ni tablete. Kwa kusoma vitabu, kufuata masomo, kupiga picha na kujaza fomu, tablete inatosha. Mutu anayekusanya habari ndani ya vijiji kwa KoboCollect anahitaji Android, hahitaji laptopu. Lakini kuandika TFC ya kurasa 60 kwa kidole ku kioo ni mateso. Klaviye ya pembeni inasaidia, lakini nayo inaongeza bei, na kupanga kurasa ao tablo kunabakia kugumu.

Umeme unaamua zaidi kuliko bei

Watu wengi wanauliza bei ya mashini na wanasahau bei ya kuilisha. Tufanye hesabu kidogo, maana ni hapa watu wanaangukia.

Tuseme nyumbani uko na bateri ya sola ya volti 12 na amperi-saa 50. Ukizidisha 12 mara 50, unapata wati-saa 600. Lakini bateri ya aina ya gari, ile ya asidi, haipendi kumalizwa. Ukipita nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo hesabu wati-saa 300 tu.

Laptopu ndogo ya ofisi, ukiwa unaandika tu, inakula karibu wati 10 mpaka 15. Kwa wati 15, ile bateri inakupatia saa 20 za kazi. Laptopu kubwa ya michezo, yenye kadi ya picha ya nguvu, inaweza kupita wati 100 wakati inatumika kwa nguvu. Kwa bateri ileile, saa tatu na imekwisha. Tablete inakula kidogo kuliko zote. Bateri yake mara mingi iko chini ya wati-saa 30, maana yake ile sola inaweza kuijaza karibu mara kumi. Hesabu hii ni ya karatasi. Kwa kweli utapata kidogo chini yake, kwa sababu umeme unapotea njiani.

Unapotea sana ku konvertisere, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa bateri kuwa umeme wa nyumba. Laptopu za siku hizi mingi zinachaji kwa tundu ndogo ya USB-C, kama telefone. Kwa mashini hizo, kuko sharjere ya volti 12 inayotoa umeme ku bateri moja kwa moja, bila konvertisere. Ukiishi kwa sola, tundu hiyo ni ya maana kuliko kioo kikubwa. Lakini uliza vizuri, kwa sababu kuko laptopu zenye USB-C isiyopokea umeme. Jaribu mbele ya kulipa.

Na wewe wa muji, uliye ku laini ya SNEL ao ya Virunga Energies, usidanganyike kwamba haikuhusu. Umeme ukikatika na kurudia kwa nguvu, sharjere njo inapigwa ya kwanza. Soma maandishi madogo ku sharjere: yakionyesha 100-240V, inavumilia umeme wa kupanda na kushuka kiasi. Multiprizi yenye kinga ni feza kidogo, na inaokoa mashini. Bateri nzima ya laptopu nayo ni kinga: umeme ukienda katikati ya ukurasa, kazi yako haipotee.

Mpya ya bei ya chini ao okazyo ya nguvu?

Tuseme uko na dola 200. Kwa feza hiyo muuzishaji anaweza kukuonyesha laptopu mpya ndogo, na pembeni yake Dell Latitude, HP EliteBook ao Lenovo ThinkPad ya okazyo, iliyotumika ku ofisi ya Ulaya ao iliyopitia Dubai na Kampala. Macho yanaenda ku mpya. Mara mingi mukono ungepashwa kwenda ku okazyo. Zile mashini za ofisi zilitengenezwa kwa kutumika kila siku. Mingi kati yazo, fundi anazifungua kwa bisibisi, anabadilisha diski, anaongeza RAM, anatoa vumbi. Na sisi wa Goma tunajua vumbi ya mawe ya volkano inavyoingia ndani ya kila tundu.

Lakini okazyo inaomba akili. Angalia mambo haya:

Kizazi cha prosesere. Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Windows 11, kwa mashini za Intel, kwa kawaida inaomba kizazi cha 8 ao kinachofuata, RAM ya giga 4 kwa uchache, na nafasi ya giga 64. Soma namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Namba ikianza na 1, soma mbili za kwanza: i5-1135G7 ni cha 11. Ya kizazi cha 6 haijafa. Inaweza kutumika vizuri na Linux Mint na LibreOffice, zote mbili za bure. Lakini bei yake ishuke, na wewe ujue mbele kwamba programu za Windows hazitaingia hivihivi.

Diski na RAM. Chagua SSD kuliko diski ya zamani inayozunguka. Inafungua haraka, na haiogope kutikiswa ku pikipiki. Giga 4 za RAM ni ya kujikaza, giga 8 unatumika kwa amani.

Bateri. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Mashini inatengeneza ripoti na kukuambia mahali imeiweka. Ndani mule kuko namba mbili: nguvu ambayo bateri ilizaliwa nayo, na nguvu inayobakia leo. Ikibakia nusu, uliza punguzo, ao bei ya bateri nyingine.

Klaviye. Zinazotoka Ubelgiji na Ufaransa ni AZERTY, zinazopitia Dubai na Kampala mara mingi ni QWERTY. Zote zinaandika, lakini ukizoea moja, nyingine itakuchelewesha. Chagua ile yenye mikono yako inajua.

Siri ya kuwashia. Zima mashini na uiwashe mwenyewe, mara mbili. Ikiomba neno la siri lenye muuzishaji hajui, iache pale. Hata kama bei ni tamu, inaweza kuwa imeibiwa.

Na mwisho, omba karatasi ya kununua yenye namba ya mashini. Siku moja ku barabara mutu anaweza kukuuliza ulitoa wapi.

Basi nani achukue nini?

Mwanafunzi wa TFC na mwalimu: laptopu ya ofisi ya okazyo, kioo cha inchi 14 ao chini, SSD, giga 8. Mutu wa sekretaria: ileile, lakini kioo kikubwa kidogo na bateri nzima, na awe na antivirusi, kwa sababu flashi za wateja zinaleta kila kitu. Mukusanyaji wa habari ndani ya vijiji: tablete ya Android yenye bateri kubwa. Muzazi anayetafutia mutoto chombo cha kusomea: tablete inatosha kwa sasa. Chromebook imufae yule mwenye Wi-Fi ya kazi kila siku. Na ile mashini kubwa ya michezo, yeye anayekata video kwa kulipwa njo anajua sababu ya kuinunua.

Kuko jambo moja linalogusa wote. Hapa kwetu mutu anaweza kulazimika kutoka nyumbani usiku mmoja, na mashini ibakie. Mashini inaweza kununuliwa tena kwa taabu. TFC ya miaka mitatu, picha za familia, ao hesabu za kikundi haziuzishwe ku soko. Kila wiki weka kopi ku flashi inayokaa kwa mutu mwingine, na ukiwa na internete, jitumie mwenyewe kwa barua-pepe. Flashi hiyo iingie ndani ya bei siku ileile unapanga kununua ordinatere.