Maandishi ya Wima na Kompyuta

Mwanafunzi anapotaka kuweka kichwa cha jedwali wima katika programu ya kuandikia, huchagua amri ya kugeuza maneno, na mstari mzima ukalazwa ubavu kwa nyuzi 90. Kwa Kiswahili hilo latosha. Lakini zipo lugha ambazo uwima ndio desturi yake, na kwazo kugeuza mstari tu hakutoshi.

Katika maandishi ya wima ya Kijapani, kila herufi husimama chini ya mwenzake, na safu hupangwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika hati ya asili ya Kimongolia, herufi hushikamana zikiteremka, na safu hutoka kushoto kwenda kulia.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana kwa jaribio jepesi. Andika mistari mitatu katika karatasi, kisha izungushe robo ya mzunguko kufuata mwendo wa mishale ya saa. Maneno sasa yanateremka, lakini mstari wa kwanza umekuwa wa mwisho upande wa kulia. Mpango huo wafaa safu za Kijapani, ila kila herufi imelala na sharti isimamishwe upya. Kwa Kimongolia, mpangilio wa safu umekwenda kinyume. Karatasi ikizungushwa upande wa pili, mstari wa kwanza hukaa kushoto, lakini maneno hupanda badala ya kuteremka. Hivyo hakuna mzunguko hata mmoja utoao Kimongolia sahihi. Ni lazima programu yenyewe ipange mistari upya.

Tatizo la pili ni umbo la herufi. Hati ya Kimongolia ilitokana na ya Wauighuri, ambayo asili yake ya mbali ni Kiaramu. Hati ya Kiarabu, iliyotumika kuandikia Kiswahili katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne kadhaa, ni ya ukoo huo huo. Katika zote mbili, herufi hubadili umbo kulingana na mahali pake: mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno.

Mwaka 1999, herufi za Kimongolia ziliingizwa katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake. Hata hivyo, namba peke yake haiiambii mashine jinsi ya kupanga safu, na programu nyingi zilizobuniwa kwa mistari ya mlalo ziliendelea kuilaza hati hiyo ubavu.

Jambo hili si dogo. Mongolia ilianza kutumia herufi za Kisirili katika miaka ya 1940. Sheria ya lugha ya mwaka 2015 iliagiza kwamba kuanzia 2025 nyaraka za serikali ziandikwe kwa hati zote mbili. Agizo hilo haliwezi kutimizwa kwa kalamu pekee. Karani asiyeweza kuandika barua ya wima katika kompyuta yake atarudia hati iliyo rahisi, na ile ya kale itabaki katika nembo na mabango.